Bastola na Kikadi Chake

Leo nawachukua hadi sokoni, ila soko lenyewe halina nyanya wala mitumba. Mjini Tulsa, jimbo la Oklahoma, Marekani, mara mbili kwa mwaka, Aprili na Novemba, hufanyika maonyesho ya silaha yanayoitwa Wanenmacher's Tulsa Arms Show. Ukumbi ni mmoja chini ya paa moja, na ndani yake meza zaidi ya 4,000. Nje amesimama Golden Driller, sanamu ya mchimba mafuta yenye urefu wa mita 23 hivi, mkono kauegemeza kwenye mnara wa kuchimbia. Mlangoni hukaguliwa kila silaha inayoingia, wahakikishe haina risasi, kisha huifunga kikamba cha plastiki ili isiweze kufyatuka. Ukishapita hapo, kazi ni ya miguu yako.

Wengi wanaofika wanatafuta bunduki mpya, risasi za bei ya jumla, visu, na nyama kavu ya ng'ombe ya kutafuna njiani. Hizo sina hamu nazo. Bunduki mpya kwangu zote sura moja, nyeusi, na bei zake zimeshapangwa. Ninachotaka kuwasimulia ni safu za meza za silaha za kale, ambako watu hawapigi kelele. Wanainama. Mtu anaweza kuiangalia bastola moja saa nzima, hana hata nia ya kuinunua, na mwenye meza asikasirike. Mara nyingine mwenye meza mwenyewe anasogeza kiti.

Nilikwenda na mzee mmoja wa Tanga, jina lake nalihifadhi kwa kuwa hapendi kutajwa redioni. Ujanani alijifunza kukereza chuma katika karakana ya reli, baadaye akahamia Marekani, akakereza vyuma vya mitambo ya mafuta mpaka akastaafu. Nyumbani kwake hamna bastola hata moja. Mkewe alikataa tangu zamani, na mzee hakubisha. Anachopenda ni chuma kilichopitia mkono wa fundi anayejua, na kwa chuma cha karne ya 19 hakuna pa kwenda kama kwenye meza hizi.

Bastola tuliyosimama nayo ilikuwa imelazwa juu ya kitambaa cha kijani. Colt ya mwaka 1873, ile wakusanyaji wanayoiita Single Action Army. Hata kama hujawahi kulisikia jina lake, umeiona. Karibu kila filamu ya makauboi uliyotazama ukumbini au kwenye kibanda cha video, bastola kiunoni mwa shujaa na kiunoni mwa jambazi ni hiyo hiyo. Mbele yake palikuwa na kikadi kilichoandikwa kwa kalamu: Colt ya askari wa farasi, 1874, dola 17,000. Chini ya hapo, kwa herufi ndogo, Little Bighorn, na mwishoni alama ya kuuliza ndogo zaidi ya herufi zenyewe.

Kwa asiyejua, Little Bighorn ni mto ulioko Montana. Tarehe 25 Juni 1876, George Armstrong Custer na kikosi chake cha askari wa farasi walivamia kambi kubwa ya Walakota na Wacheyenne, na kundi lote alilokuwa akiliongoza mwenyewe likauawa, hakubaki hata mmoja. Wenye kambi walichukua silaha za maiti. Kwa hiyo mkusanyaji wa Marekani akisikia jina hilo karibu na bastola, moyo unamwenda mbio, na mkono unakwenda mfukoni. Alama ile ya kuuliza, kwa hesabu ya mzee wangu, ilikuwa na thamani ya dola 8,000 peke yake.

Mzee aliomba ruhusa kwanza. Pale hushiki kitu cha mtu bila kuomba, na ukishapewa una adabu zake. Unakishika kwenye mbao, maana jasho la vidole lina chumvi, na chumvi kwenye chuma kilichozeeka ni kutu ya kesho. Humwelekezei mtu mdomo wa bastola hata kama imefungwa kikamba. Huizungushi silinda kwa nguvu ili usikie inavyolia, wala huvuti kifyatulio kujionyesha. Mzee alifuta mikono kwa leso, akaipokea kwa viganja viwili.

Akanipa na mimi. Ina uzito wa zaidi kidogo ya kilo moja, lakini ukiikamata kwenye mpini uzito huo husikii ulipo. Mpini umejipinda kiasi kwamba ikifyatuka huteleza kwenda juu kiganjani, badala ya kukusukuma kifundo cha mkono. Mtutu wa inchi saba na nusu, silinda yenye matundu sita. Upande wa kulia kuna mlango mdogo ambao risasi hupitia moja baada ya nyingine, na pembeni ya mtutu kuna kijiti cha kusukumia nje maganda matupu, nayo moja baada ya jingine. Mwenye meza alitukatia kile kikamba. Mzee akavuta nyundo nyuma polepole, na mlio ukatoka mara nne. Wa kwanza ni wa usalama. Wa pili, silinda inalegea uweze kuipakia. Wa tatu, kitasa kidogo kinainuka kuikamata silinda. Wa nne, bastola iko tayari. Wamarekani hupenda kusema kwamba milio hiyo minne inatamka herufi nne za jina la Colt. Mtaamua wenyewe.

Ule mlio wa kwanza wa usalama, ndugu zangu, usalama wake ulikuwa wa jina tu. Kijino kinachoishikilia nyundo ni chembamba, na pigo moja kwenye nyundo, au bastola kudondoka chini, lingeweza kukivunja. Ndiyo maana wazoefu wa zamani waliweka risasi tano katika matundu sita, na nyundo ikalala juu ya tundu tupu.

Samuel Colt mwenyewe hakuiona bastola hii. Alipata hataza yake ya kwanza ya Marekani mwaka 1836, akafilisika, akainuka tena, na alipofariki mwaka 1862 alikuwa tajiri mkubwa mjini Hartford, Connecticut, mwenye kiwanda kilichovikwa kuba la buluu. Bastola zake zote zilikuwa za baruti na fataki, unapakia kutoka mbele, kazi ya dakika kadhaa. Hii ya risasi zenye ganda la shaba ilibuniwa baada ya kifo chake, na fundi William Mason akiwa miongoni mwa walioiunda. Jeshi la Marekani liliagiza 8,000 kwa kuanzia, na kufikia mapema miaka ya 1890 lilikuwa limenunua kama 37,000. Raia walinunua nyingi zaidi. Hadi uzalishaji wa awali uliposimama karibu na Vita vya Pili vya Dunia, namba zilikuwa zimepita 357,000. Kwa hiyo bastola yenyewe si adimu. Adimu ni ile iliyoachwa kama ilivyotoka.

Na hapo ndipo penye hoja yangu ya leo. Tunapoitathmini silaha ya kale, kinacholipiwa ni yale ambayo hakuna aliyeyafanya. Haikusuguliwa, haikupakwa rangi upya, haikubadilishwa kipande, haikuongezewa hadithi. Mwongozo wa madaraja unaotumiwa na wakusanyaji wa Marekani unasema bastola ya kale ikiwa na vipande vyote vya asili na zaidi ya asilimia 80 ya rangi ya kiwandani, hiyo ni bora kabisa. Zaidi ya asilimia 30, ni nzuri sana bado. Na hata ikiwa haina rangi hata kidogo, imegeuka kijivu chote, lakini vipande vyake ni vyake na maandishi yake yanasomeka, inaishinda ile iliyong'arishwa ikawaka. Mtu wa kawaida anaona kinyume. Anarithi bastola ya babu, anaona kutu, anatafuta msasa. Kwa nusu saa ya juhudi amefuta dola elfu kadhaa, na hakuna fundi wa kuzirudisha.

Mzee wangu alianza wapi? Mimi nilidhani ataanza kwenye namba. Akaniambia, "Anzia kwenye skrubu, mwanangu." Akatoa lenzi mfukoni. Kichwa cha skrubu ya zamani ambayo haikuguswa kina mfereji mwembamba wenye kingo kali, na mara nyingine kwenye mzingo bado kuna buluu angavu iliyotokana na moto. Mfereji ukiwa umeliwaliwa, jua bisibisi ya mtu mwenye haraka imepita hapo. Kisha unaangalia tundu ambamo skrubu imekaa. Gurudumu la kung'arishia likipita juu ya chuma, huchimba ukingo wa tundu kidogo, pakawa na bonde. Jicho la kawaida halilioni, ila ukiugeuza chuma kwenye mwanga, mwanga wenyewe unapinda pale.

Kutoka hapo alihamia kwenye maandishi. Upande wa kushoto wa kiunzi kuna tarehe za hataza. Za mwanzo zina mistari miwili, Septemba 1871 na Julai 1872, baadaye ukaongezwa wa tatu, Januari 1875. Hii ilikuwa na mistari miwili, na karibu yake herufi U.S., mali ya serikali. Mzee aliangalia kama herufi zimeburutwa upande mmoja, maana msasa huburuta. Hazikuburutwa. Akaitikia kwa kichwa.

Rangi ya kiunzi ina kisa chake, na hapa niruhusuni nikae kidogo. Mtutu na silinda vilipewa buluu nzito, lakini kiunzi na nyundo vilipitia njia nyingine. Vilifukiwa ndani ya sanduku la chuma pamoja na unga wa mifupa na makaa, sanduku likatiwa tanuruni kwa saa nyingi, kisha vyote vikamwagwa kwenye maji baridi kwa mkupuo. Kaboni ya mifupa huingia kwenye ngozi ya chuma ikaifanya ngumu, na katika kule kupozwa ghafla hutokea mabaka ya rangi, buluu, kahawia, manjano ya majani makavu, kila kipande na mabaka yake. Kusudi lilikuwa ugumu. Uzuri ulikuja bure. Na mabaka hayo ndiyo ya kwanza kuondoka, kwa jua, kwa jasho, kwa kusuguana na ngozi ya mfuko wa kiunoni. Bastola ya miaka 150 ikiwa na mabaka mang'avu kila mahali, ama ililala sandukuni maisha yake yote, ama ilitoka tanuruni mwezi uliopita. Ya kweli hubakiza rangi mafichoni: ukutani nyuma ya silinda, kwenye kona ambazo kidole hakifiki, chini ya kile kifuko cha kijiti cha kutolea maganda. Kiunzi cha bastola ile ya mezani kilikuwa kijivu chenye wekundu wa mbali, na chembe za buluu kwenye kona. Sawasawa kabisa.

Mtutu ndio uliomfanya anyamaze.

Mtutu ulikuwa na buluu. Si mpya, hapana, imefifia kiasi, na mdomoni imelika kama inavyotakiwa. Lakini ilififia kila mahali kwa kipimo kimoja. Chuma kilichovaliwa kiunoni na mtu aliyepanda farasi hakichakai hivyo. Kinachakaa upande uliogusa ngozi, kinachakaa mdomoni, na kinabaki na giza pembeni ya kile kifuko. Huu ulikuwa umechakazwa na mtu aliyekaa kitako, pengine redio ikiwa imewashwa, akisugua pande zote kwa haki. Mzee akawasha tochi yake ndogo, akamulika chini ya kifuko cha kijiti. Kule ndani, ambako buluu ingekuwa imekolea kuliko pote, palikuwa na vishimo vya kutu vilivyopakwa buluu juu yake. Kutu ikitangulia na rangi ikafuata, rangi hiyo si ya kiwandani. Hapo hakuna ubishi. Hata anayenunua gari la mtumba pale bandarini anajua kuchungulia chini ya mazulia.

Sasa namba. Katika bastola hizi namba hugongwa chini ya kiunzi, chini ya kinga ya kifyatulio, na kwenye chuma cha nyuma ya mpini. Zile za jeshi za mwanzo, hata silinda na mtutu huwa na namba. Namba ya kiunzi ilikuwa ya miaka ya mwanzo, katika shehena zilizokaguliwa na Orville W. Ainsworth, mkaguzi wa serikali ambaye herufi yake A imegongwa hata kwenye vipande vidogo. Shehena hizo ndizo zilizowahi vikosi kabla ya Little Bighorn, kwa hiyo mwenye kikadi hakutunga yote. Lakini namba ya kinga ya kifyatulio ilikuwa nyingine. Ya chuma cha nyuma, nyingine tena. Silinda, ya nne. Na kwenye mbao za mpini, upande wa kushoto, muhuri uliochakaa kiasi cha kusomeka kwa shida: R.A.C.

Mimi nikasema moyoni, basi, hii ni takataka ya vipande. Mzee akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu tuingie.

Kuanzia katikati ya miaka ya 1890, jeshi la Marekani lilikusanya bastola hizi za zamani kutoka maghalani, maelfu yake, likazirudisha kufanyiwa ukarabati. Zilifunguliwa vipande vyote, vipande vikatiwa pamoja, na mitutu ikakatwa kutoka inchi saba na nusu hadi tano na nusu. Zilipounganishwa tena, mara nyingi hakuna aliyejali kipande gani kilitoka kwa bastola gani. Zile za mtutu mfupi wakusanyaji wanaziita Artillery, kwa sababu za mwanzo kati ya hizo zilikwenda kwa wapiga mizinga. Na mkaguzi wa wakati ule alikuwa Rinaldo A. Carr, mwenye R.A.C. yake. Baadaye, wanajeshi walipolalamika huko Ufilipino kwamba bastola mpya za kipenyo kidogo hazimzuii mtu anayewajia na panga, ni hizi kuukuu za kipenyo cha .45 zilizotolewa tena vitani.

Mnaona utamu wake? Kwenye bastola nyingine zote, namba zisizolingana ni aibu. Kwenye hii ndiyo cheti cha kuzaliwa. Artillery ikiletwa na namba zote zikilingana, hapo ndipo mnunuzi anapaswa kuuliza mara mbili. Bastola ile ilikuwa Artillery ya haki kabisa, yenye kiunzi cha mwaka 1874, iliyochanganywa na serikali yenyewe, ikatumika, ikachoka kwa heshima. Kisha mtu fulani, miaka fulani, akaona kwamba yenye mtutu mrefu inauzwa ghali zaidi. Akaung'oa mfupi, akafunga mrefu, akaufubaza. Ameharibu kitu cha kweli ili atengeneze cha uongo, na kile cha kweli kilikuwa na bei nzuri tu.

Mwenye meza, mzee mwenye ndevu nyeupe na kofia ya kampuni ya matrekta, alikuwa akisikiliza yote. Hakugomba. Akavuta bahasha chini ya meza, akatoa barua. Kiwanda cha Colt kina idara ya kumbukumbu ambayo kwa malipo hukuandikia kilichomo katika vitabu vyake vya zamani kuhusu namba unayoitaja: ilitoka tarehe gani, ikapelekwa wapi, na ikiwa na sifa zipi. Barua ilikuwa halali. Ilisema bastola yenye namba ile iliondoka Hartford kwenda kwa serikali, ikiwa na mtutu mrefu.

"Barua inasema kweli," mzee wangu akamjibu. "Inasema kweli ya siku ile."

Barua ya kiwanda inaisindikiza bastola hadi mlangoni tu, na haijui lolote lililotokea barabarani. Haijui nani aliibeba. Jeshi lenyewe kwa kawaida halikuandika kwamba askari fulani amepewa namba fulani. Ndiyo maana anayetaka kuthibitisha silaha ya Little Bighorn huhitaji ushahidi wa aina nyingine kabisa. Mwaka 1983 moto uliunguza nyasi za uwanja ule wa vita, na kuanzia mwaka uliofuata wanaakiolojia wakapita na vifaa vya kugundua chuma, wakaokota maganda na risasi kwa wingi. Alama ya pini kwenye kitako cha ganda hutofautiana bunduki na bunduki, na kwa alama hizo wameweza kufuatilia silaha moja moja zilivyosogea uwanjani, mpaka kulinganisha maganda hayo na bunduki chache zilizosalia. Huo ndio ushahidi. Alama ya kuuliza kwenye kikadi haifiki huko.

Na bei ya ushahidi inajulikana. Agosti 2021, katika mnada wa Bonhams huko Los Angeles, Colt ya aina hii hii iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 6. Ni ile ambayo Pat Garrett alimpigia Billy the Kid, New Mexico, usiku wa Julai 14, 1881. Kwa sura haikuwa na ajabu yoyote, imechakaa kama wenzake. Lakini mjane wa Garrett aliwahi kwenda mahakamani miaka ya 1930 kuidai, akashinda, na kesi huacha makaratasi. Upande wa pili, inasimuliwa kwamba mama yake jambazi Jesse James, baada ya mwanawe kuuawa mwaka 1882, alikuwa akinunua bastola kuukuu na kuziuza kwa wageni, kila moja ndiyo ya Jesse. Kila mnunuzi aliondoka na neno la mama mzazi, na nani atambishia mama? Mimi simlaumu sana. Alikuwa amefiwa na mwanawe, na wageni wenyewe walikuja na hamu ya kudanganywa.

Nirudi nyuma kidogo, maana najua kuna msikilizaji anauliza: wewe unasifu vipi kitu cha kuulia watu? Swali ni la haki. Wauzaji wa zamani waliiita bastola hii Peacemaker, mleta amani, na tunajua amani yenyewe ililetwa kwa nani. Bastola zenye U.S. ubavuni ziliwasukuma baadhi ya wenyeji wa nchi ile mpaka wakasongamana katika eneo ambalo leo ni Oklahoma. Hapo hapo Oklahoma, ngome ya Fort Sill ilijengwa kwa jasho la askari Weusi wa kikosi cha 10 cha farasi, watu ambao wengi wao walikuwa watumwa miaka michache tu kabla. Walipewa Colt hizi hizi, wakatumwa kuwadhibiti Wakomanche na Wakiowa. Ukishika moja yenye mbao zilizolika kwa kiganja, kiganja hicho huenda kilikuwa cheusi kama chako. Sijui kama hilo linafariji.

Na si lazima kwenda mbali hivyo. Kilomita chache kutoka kwenye ukumbi wa maonyesho kuna mtaa wa Greenwood, uliokuwa makazi ya Weusi. Usiku wa Mei 31, 1921, wanaume Weusi wenye silaha, baadhi yao waliopigana Vita vya Kwanza vya Dunia, walikwenda mahakamani kumlinda kijana Mweusi Dick Rowland, aliyekuwa kizuizini humo, asinyongwe na umati. Risasi ikalia. Wazungu wakavunja maduka ya vifaa na ya rehani kuchukua bunduki, na kufikia kesho yake vitalu zaidi ya 30 vya Greenwood vilikuwa majivu. Waliokufa hukadiriwa kufikia 300. Katika safu nilizopita siku ile, kulikuwa na meza za Custer, meza za Wild West, meza za vita vyote ambavyo Marekani imepigana ng'ambo. Ya Greenwood sikuiona. Jicho linalojua kutofautisha kutu iliyotangulia rangi lingeweza kuliona pengo hilo pia, kama lingetaka.

Lakini narudi mezani. Kuna jambo la sheria ambalo huongeza joto la biashara hii. Kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1968, silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake huhesabiwa kuwa kitu cha kale, na sheria hiyo ya taifa haiihesabu kuwa silaha ya moto, ingawa majimbo yanaweza kuwa na masharti yao. Kwa Colt hizi mpaka huo uko karibu na namba 182,000. Tofauti ya namba chache, chuma kile kile, fundi yule yule, na moja inauzwa kwa kupeana mikono huku nyingine, kwa muuzaji mwenye leseni, ikihitaji fomu. Sheria lazima ichore mstari mahali fulani, lakini wauzaji wanajua kuusimulia mstari huo kwa lugha tamu.

Mwenye ndevu nyeupe hatimaye aliuliza swali la mwanaume aliyekwisha kuelewa: sasa nifanye nini? Alikuwa amenunua bastola ile kwa nia njema, alisema, kutoka kwa mirathi, pamoja na barua yake, na kwa bei ya kuumiza. Nilimwamini. Akauliza kama atafute mtutu mfupi wa zamani, aurudishie, aiuze kama Artillery.

Mzee akaikalisha bastola juu ya kitambaa taratibu, mdomo ukielekea ukutani. Akasema ukifanya hivyo utakuwa umeidanganya mara ya pili, maana mtutu wake ulishapotea na huo nao utakuwa wa bastola nyingine. Iache ilivyo. Ishushe hadi dola 4,000, labda 4,500 kwa ajili ya kiunzi na mbao, na kwenye kikadi andika yote: kiunzi cha mwaka gani, vipande vya namba zipi, muhuri wa nani, na mtutu umebadilishwa.

Mwenye meza akakitazama kikadi chake, akakigeuza upande wa pili. "Hayatatosha hapa," akasema.

"Karatasi zinauzwa," mzee akamjibu, akaomba radhi kwa kumpotezea muda, tukaenda kutafuta kahawa.